Ndege na Maua kwenye Chapa za Japani: Kutoka Tokyo hadi Kusatsu, Siku kwa Siku

Siku ya kwanza: Tokyo, mtaa wa Jinbocho

Makumbusho yasubiri kidogo. Safari hii inaanzia kwenye karata. Jinbocho ni mtaa wa vitabu na chapa, yaani picha zilizochapwa, za zamani katikati ya Tokyo, na anayetaka kusoma chapa za ndege na maua zinazotengenezwa leo hatapata kamusi bora kuliko pakiti ya hanafuda. Karata ni 48. Miezi ni 12, kila mwezi una karata nne, na kila mwezi una mmea wake. Januari ni msonobari na korongo. Februari ni ua la plamu na uguisu, ndege mdogo mwimbaji wa vichakani. Machi ni cheri, Aprili ni wisteria na kekeo, Mei ni airisi, Juni ni peoni na vipepeo, Julai ni hagi (kichaka chenye maua madogo) na nguruwe mwitu. Agosti ni nyasi za susuki, mwezi mpevu na mabata bukini. Septemba ni krisantemu, Oktoba ni mepo na kulungu, Novemba ni mti wa yanagi wenye matawi ya kuning'inia pamoja na mbayuwayu, Desemba ni paulonia na ndege wa hadithi, feniksi.

Cha kushika hapa ni ile jozi. Korongo peke yake anaweza kuwa ndege tu, lakini korongo na msonobari ni dua ya maisha marefu na salamu ya mwaka mpya. Ndege husema nusu ya neno, mmea humalizia. Kwa hiyo msanii wa leo anapomtua mbayuwayu kwenye tawi lenye theluji, mtazamaji aliyekulia na karata hizi huona mara moja kwamba kuna kitu kimevunjwa. Jozi yake ni yanagi, na ingawa karata yake ni ya Novemba, mbayuwayu mwenyewe ni ndege wa miezi ya joto, na theluji imemkuta mahali asipopaswa kuwa. Asiyejua kalenda ya karata ataona picha nzuri ya ndege na theluji, basi.

Tahadhari moja kuhusu kalenda yenyewe. Miezi ya hanafuda ilipangwa kwa kalenda ya zamani ya mwezi mwandamo, ambayo Japani iliiacha tarehe 1 Januari 1873. Miezi hiyo huchelewa kwa takriban mwezi mmoja ukilinganisha na kalenda ya sasa. Krisantemu ya mwezi wa tisa, kwa mfano, huchanua sana Oktoba na Novemba za leo. Chapa yenye jina la mwezi na ua linaloonekana kuja mapema haina kosa, imefuata hesabu ya zamani.

Ziko jozi nyingine zisizo ndani ya pakiti. Shomoro na mwanzi ni urafiki usiotikisika. Kipanga juu ya msonobari ni nguvu ya watawala wa kivita. Yungiyungi hutoka kwenye tope akiwa safi, na maana hiyo ni ya Kibudha moja kwa moja. Peoni ni utajiri na heshima. Bata wawili wa oshidori ni ndoa isiyovunjika, ingawa kimaumbile dume huyu humwacha jike akiwa bado anaatamia, na mwaka unaofuata huweza kuwa na mwenzi mwingine. Alama haingoji ithibati ya wataalamu wa ndege, na hilo litarudi Kanazawa.

Kabla ya kutoka Jinbocho, pima karatasi. Chapa nyingi za ndege na maua za karne ya 19 ziko katika umbo liitwalo tanzaku, refu na jembamba, kubwa lake likiwa karibu sentimita 38 kwa 17. Hiroshige, bingwa wa chapa wa karne hiyo, alilitumia sana miaka ya 1830. Ufinyu huo unamlazimisha msanii kukata tawi kwenye ukingo na kuacha sehemu kubwa tupu. Wachapaji wa leo bado wanakata tawi hivyo hata kwenye karatasi pana, na pale tawi linapokatwa ndipo pa kuanzia kuangalia, maana linaonyesha ni upande upi ndege anaupa mgongo.

Siku ya pili: Mejiro, karakana ya chapa za mbao

Karibu na kituo cha treni cha Mejiro kuna Taasisi ya Adachi, ambako chapa za mbao bado hutengenezwa kwa kugawana kazi: msanii huchora, mchongaji huchonga, mchapaji huchapa. Taasisi hiyo huchapa upya kazi za zamani na hushirikiana na wasanii wa sasa, Yayoi Kusama akiwemo. Siku nzima inastahili kutumika kwenye hatua za kazi, kwa sababu nusu ya maana ya ndege imo kwenye namna alivyochapwa.

Mchoro wa wino huchorwa kwenye karatasi nyepesi sana, kisha hubandikwa uso ukiangalia chini juu ya bao la mcheri wa mlimani. Mcheri huo ni mgumu, nyuzi zake zimebana, hivyo mstari mwembamba kama unywele haukatiki. Mgongo wa karatasi husuguliwa kwa kidole taratibu mpaka ubaki utando tu na mistari ionekane. Mchongaji hupitisha kisu pande zote mbili za kila mstari, halafu huondoa mbao iliyobaki kwa patasi na nyundo ya mti. Kwenye ukingo wa bao huchongwa alama mbili ziitwazo kento, moja ya pembe na nyingine ya mstari mnyoofu. Karatasi huwekwa kwenye alama hizo kila inapochapwa, ili rangi zikae mahali pake. Bao la mistari likishakamilika, nakala zake huchapwa na kubandikwa kwenye mabao mengine, na kila rangi hupata bao lake au upande wake wa bao.

Kuchapa hufanywa kwa rangi ya maji na gundi kidogo ya wali. Rangi husambazwa kwa burashi ya manyoya ya farasi, karatasi yenye unyevu hulazwa, na mgongo wake husuguliwa kwa baren. Baren ni kisahani bapa chenye kamba iliyosokotwa kwa maganda ya mwanzi ndani yake, kikafunikwa kwa ganda moja pana lililofungwa kisogoni na kuwa mpini. Mistari huchapwa kwanza, kisha maeneo madogo na mepesi, mwisho mapana na mazito.

Makosa yake yanajulikana. Gundi ikipungua au mkono ukiwa mwepesi, rangi hutoka na vidoadoa vyeupe kama ufuta. Vidoa hivyo vikiwa kwenye anga ya jioni nyuma ya kunguru, huenda vimetakiwa, lakini kwenye petali ya peoni ni kazi mbovu. Gundi ikizidi, rangi hufubaa na burashi huacha michirizi. Kosa kubwa kuliko yote ni unyevu. Karatasi hutanuka ikiwa na maji na kusinyaa ikikauka, na chapa moja hupita chini ya mkono mara 15, 20 au zaidi. Ikisinyaa kwa asilimia moja tu, karatasi ya sentimita 38 imekosea karibu milimita 4, na jicho la ndege limehamia shavuni. Ndiyo maana karatasi za toleo zima hupangwa kwa rundo pamoja na karatasi nyingine zilizoloweshwa, zikafunikwa, na kuachwa usiku kucha unyevu usambae sawasawa.

Sasa angalia yangeyange mweupe. Kwenye chapa nzuri, weupe wake ni karatasi yenyewe, hakuna rangi iliyopita hapo. Manyoya huchongwa kwenye bao lisilopakwa kitu, kisha karatasi hukandamizwa kwa nguvu, mara nyingine kwa kiwiko cha mkono, mpaka manyoya yainuke. Njia hiyo huitwa karazuri, chapa kavu. Yangeyange ni alama ya usafi, na usafi huo umetengenezwa kwa kutoweka chochote. Ukiitazama chapa kwa mwanga wa mbele huoni manyoya. Iinue hadi usawa wa kifua, dirisha liwe ubavuni, ndipo manyoya hutokea moja moja, mstari wa kati na vinyweleo vyake. Muuzaji anayekuonyesha chapa ya yangeyange chini ya taa ya dari pekee hajakuonyesha chapa. Anayeibandika chapa hiyo kwenye kadibodi kwa joto huifuta, kwa sababu manyoya hulala na hayainuki tena.

Theluji, kwa upande mwingine, mara nyingi huongezwa gofun, unga wa makombe ya chaza uliochanganywa na gundi na kurushwa kwa burashi. Kila chapa hupata matone yake. Nakala mbili zenye matone ya theluji mahali palepale kabisa hazikurushiwa gofun kwa mkono.

Rangi inayofifia kutoka nzito hadi maji matupu huitwa bokashi. Upande mmoja wa bao hulowanishwa kwa kitambaa, tone la rangi huwekwa upande wa pili, na burashi hupitishwa kwenda na kurudi bila kuinuliwa hadi mpaka upotee. Kwa bokashi anga huonyesha saa. Ukanda mweusi juu ni usiku, waridi chini ni alfajiri. Kekeo chini ya ukanda mweusi ni kilio cha usiku, na huzuni yake hutoka kwenye ule ukanda kuliko kwenye ndege.

Siku ya tatu: Komaba na Nihonbashi

Makumbusho ya Sanaa za Watu ya Japani, mtaa wa Komaba, yana kazi za Munakata Shiko, aliyeshinda tuzo kuu ya chapa kwenye maonyesho ya Venice mwaka 1956. Kazi zilizo ukutani hubadilishwa, kwa hiyo ulizia kabla ya kwenda. Ya kutafuta, hapa au penginepo, ni ile ya mwaka 1954 ya wawindaji wa maua: wanaume juu ya farasi, ndege na wanyama wakiwazunguka, mikono imeinuliwa kwa ishara ya kulenga, lakini hakuna upinde wala mshale. Alianzia kwenye picha za uwindaji za makaburi ya kale ya Koguryo, ufalme wa zamani wa Korea, kisha akaziondoa silaha. Ua limekuwa kitu cha kuwindwa kwa moyo. Hapo ndipo mabadiliko ya karne ya 20 yanapoonekana wazi, kwani msanii haazimi jozi kutoka kwenye kalenda, anajitungia alama yake na kuibeba mwenyewe.

Kiufundi pia alivunja utaratibu. Alichonga na kuchapa mwenyewe, kwa wino mweusi, kwa kasi, na rangi akaipaka nyuma ya karatasi ili ipenye mbele. Mbinu hiyo huitwa urazaishiki. Rangi iliyopita nyuzi za karatasi huwa laini na haina ukingo mkali. Ukiona petali nyekundu yenye ukingo wa ukungu na mstari mweusi uliobaki mkali, iliyotumika ni hiyo mbinu. Akiyama Iwao, aliyejifunza kwake, alitumia maisha yake ya kazi kuchapa mabundi wenye macho makubwa. Msomaji aliyezoea kumhesabu bundi kuwa mkosi ageuze fikra hapa, maana bundi wa Japani ya leo ni ndege wa heri na watu hupeana kwa furaha.

Mchana, Nihonbashi, kuna makumbusho madogo ya Hamaguchi Yozo (1909–2000) ndani ya iliyokuwa ghala la kampuni ya mchuzi wa soya. Hamaguchi alitumia mezotinti, yaani bamba la shaba linalotobolewa kwa kifaa chenye meno, mwelekeo baada ya mwelekeo, mpaka uso wote ushike wino na kuchapa weusi mtupu. Kisha mwanga huchongwa kwa kulainisha. Alipanga mabamba manne, njano, nyekundu, bluu na nyeusi, yakichapwa moja juu ya jingine. Angalia alichochagua: tunda la cheri. Nchi nzima imeimba ua linaloanguka baada ya siku chache, yeye akaweka tunda moja katikati ya giza, zito, likiwa halina haraka. Kidogo sana kimefanywa, na maana yote ya cheri imegeuka.

Jioni inatosha kwa lenzi ya kukuza mara 10 kwenye maduka ya chapa za kisasa. Chapa nyingi za maua yanayotabasamu za Takashi Murakami ni za ofseti, yaani uchapaji wa mashine, katika matoleo ya nakala 300. Chini ya lenzi utaona nukta ndogo za rangi nne zilizopangwa, na juu yake tabaka la vanishi au fedha. Uchapaji wa skrini huonyesha rangi tambarare, nene kidogo, isiyo na nukta. Chapa ya mbao huonyesha nyuzi za karatasi zilizolowa rangi, wakati mwingine na mistari ya mbao. Hakuna njia iliyo ya uongo, ila bei na matunzo hutofautiana, na maana pia. Murakami alisomea uchoraji wa kijadi wa Kijapani hadi shahada ya uzamivu, na ua lake la petali zinazolingana halina mwezi wala msimu. Kulirudiarudia mamia ya mara kwa mashine kunaendana na analolisema. Maua ya Kusama, aliyekulia Matsumoto katika familia iliyofanya biashara ya mbegu na miche, nayo yako nje ya kalenda. Hurudiwa na kujazwa nukta hadi ua na mandhari yake vishindwe kutengana.

Siku ya nne: Kanazawa

Treni ya kasi kutoka Tokyo huchukua takriban saa mbili na nusu. Kanazawa ni mji alikozaliwa Ohara Koson (1877–1945), ambaye kazi zake za ndege ndizo daraja kati ya zamani na sasa. Kuanzia mwaka 1926 alifanya kazi na mchapishaji Watanabe Shozaburo kwa jina la Shoson, na sehemu kubwa ya chapa zake iliuzwa Marekani. Mnunuzi wa nje hakujua jozi za kalenda. Pengine kwa sababu hiyo ndege wa Koson wanasimama wenyewe, kwa uzito wa mwili wao, macho yao na mvua inayowapiga, hata alama ikipotea.

Nenda bustani ya Kenrokuen. Kuanzia tarehe 1 Novemba misonobari hufungwa kamba kutoka kwenye nguzo ndefu hadi kila tawi, ili theluji nzito isiyavunje. Umbo hilo la kamba huingia sana kwenye chapa za majira ya baridi. Kuna pia daraja la mawe mekundu 11 yaliyopangwa kama mabata bukini wanaoruka. Jiwe lenyewe limekatwa kwa umbo la gamba la kobe, kwa hiyo aliyelivuka alitembea juu ya alama mbili, vuli na umri mrefu, ingawa siku hizi haliruhusiwi kuvukwa.

Chini ya msonobari ndipo pa kulisema lile la korongo. Korongo wa Kijapani mwenye utosi mwekundu hatui juu ya miti. Kidole chake cha nyuma kimepanda juu na ni kifupi, hakiwezi kushika tawi, na kiota chake kiko chini kwenye matete. Anayetua kwenye misonobari ni ndege mwingine mweupe na mweusi mwenye mdomo mzito. Wachoraji walimweka korongo mtini kwa sababu dua ilihitaji vyote viwili. Kosa jingine, hili la uchoraji tu, ni mkia. Weusi unaoonekana nyuma ya korongo aliyesimama ni manyoya ya bawa yanayoshuka juu ya mkia, na mkia wenyewe ni mweupe. Mchapaji anayejua humchora akiruka na mkia mweupe, na weusi ukiwa kwenye ukingo wa bawa. Asiyejua humpa korongo anayeruka mkia mweusi. Kipimo hiki hakishindwi. Vivyo hivyo kwa Februari: uguisu ni ndege wa rangi ya kahawia yenye ukijani hafifu, tena hujificha. Ndege wa kijani kibichi mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, anayenyonya maua ya plamu waziwazi, ni mejiro. Chapa nyingi zinazouzwa kama uguisu zina mejiro.

Pembeni ya bustani, makumbusho ya sanaa ya mkoa wa Ishikawa yana chetezo cha kauri cha mfinyanzi Nonomura Ninsei chenye umbo la fezanti dume wa Kijapani (ndege wa jamii ya kuku mwenye mkia mrefu), hazina ya taifa ya karne ya 17, pamoja na mwenzake jike. Si chapa, lakini mistari ya dhahabu inayotenga manyoya ni somo kamili la bao la mistari. Methali ya Kijapani humtaja ndege huyu kwenye nyika inayoungua pamoja na korongo wa usiku. Wa kwanza hurudi motoni kwa ajili ya makinda, wa pili huyafunika kwa bawa kwenye baridi. Ukikuta chapa ya leo yenye ndege huyo na nyasi nyekundu zisizo za vuli, fikiria moto na mzazi.

Siku ya tano: Echizen

Tangu Machi 2024 reli ya kasi inashuka kusini hadi Tsuruga na kupita Echizen-Takefu. Kutoka hapo ni mwendo mfupi wa gari hadi vijiji vya watengeneza karatasi, vilivyo chini ya hekalu la Kishinto la mungu wa kike wa karatasi, Kawakami Gozen. Paa za hekalu hilo, la mwaka 1843, zimepandana kama mawimbi.

Karatasi ya chapa za mbao, hosho, hutengenezwa kwa gome la kozo, jamaa wa mforosadi. Gome hupikwa kwa mvuke na kuchunwa, kisha huchemshwa kwa magadi, na baada ya hapo watu hukaa juu ya maji yanayotiririka wakiondoa kila doa kwa vidole. Doa moja la gome likibaki litaonekana kwenye weupe wa yangeyange. Nyuzi hupondwa, huingizwa kwenye pipa la maji pamoja na utomvu uitwao neri, na fremu yenye chekeche la mianzi huzamishwa na kutikiswa. Neri hutoka kwenye mizizi ya tororo-aoi, ndugu wa karibu wa bamia. Kazi yake si kugandisha nyuzi. Huyafanya maji yawe mazito ili nyuzi ndefu zielee bila kushikamana na zishuke polepole. Joto huuharibu, hivyo karatasi bora ni ya majira ya baridi.

Tororo-aoi lina ua la njano hafifu lenye kitovu cheusi, na huwa linakatwa kabla ya kuzaa ili nguvu ibaki mizizini. Ndilo ua lililomo ndani ya kila chapa, na karibu hakuna anayelichora. Kwa maoni yetu, hilo ni deni ambalo wachapaji wa leo wanapaswa kulilipa.

Karatasi ikitoka hapa bado hunywa rangi kupita kiasi. Hupakwa dosa, mchanganyiko wa gundi ya wanyama na shabu katika maji ya uvuguvugu. Dosa ikiwa nyepesi, rangi husambaa na mstari wa mdomo wa ndege huota ndevu. Ikiwa nzito, rangi hukaa juu na kung'aa vibaya, na shabu nyingi huichosha karatasi kwa asidi miaka inavyokwenda. Siku ya mvua si siku ya kupaka dosa.

Siku ya sita: Kyoto

Nyumba ya uchapishaji ya Unsodo, iliyoanzishwa 1891, bado inahifadhi mabao yake ya zamani. Mwaka 1909 na 1910 ilitoa juzuu tatu za Kamisaka Sekka, michoro 60, zinazosomwa hadi leo na kila anayebuni maua. Maumbo mengi hayana mstari wa ukingo. Ua ni rangi iliyokatwa tu, na ndege anakaribia kuwa alama ya karatasi. Ubunifu wa kisasa wa Kyoto, kadi, vitambaa na chapa ndogo, umetoka hapo. Bila mstari wa kuficha makosa, kento lazima iwe sahihi zaidi, kwani pengo la nusu milimita kati ya rangi mbili huonekana kama mkwaruzo.

Kyoto ni mahali pa kuzisoma kamelia na krisantemu, maua mawili yenye hatari. Kamelia haipukutishi petali, huanguka nzima, na kwa hilo hufananishwa na kichwa kilichokatwa. Wengi hawalipeleki kwa mgonjwa. Wachapaji wa leo huliweka likiwa limeshaanguka juu ya moss au theluji, na ndege akiwa hayupo. Kutokuwepo kwa ndege ndiyo jozi yake. Krisantemu nyeupe ni ya mazishi, na yenye petali 16 zilizolingana ni nembo ya Kaisari. Msanii mwangalifu huhesabu petali. Akitaka ua la bustani, huvunja ulinganifu, huchora petali moja iliyokunjika, au hulitazama kwa ubavu. Ukikuta 16 kamili kwenye kazi ya leo, usidhani imetokea tu.

Wakati wa kununua, geuza chapa. Rangi ya maji iliyosuguliwa kwa baren hupenya, na mgongo huonyesha picha kwa upole pamoja na alama za mduara za mkono. Mgongo mweupe kabisa unataka maswali. Kazi ya msanii wa sasa huwa na sahihi ya penseli na namba kama 12/50 chini, maana yake nakala ya 12 kati ya 50. Herufi A.P. ni nakala za msanii. Kazi za zamani zilizochongwa upya mara nyingi hazina namba, ila hubeba majina ya mchongaji na mchapaji ukingoni. Si kasoro, ni utaratibu mwingine.

Siku ya saba: Kusatsu

Dakika 20 na kitu kwa treni kutoka Kyoto, upande wa Ziwa Biwa, ni Kusatsu, ambako aobana hulimwa. Ni ua la bluu linalofunguka asubuhi na kunywea mchana, ndilo ua rasmi la mji. Wakati wa kiangazi petali huchumwa mapema, hukamuliwa, na maji yake hupakwa kwenye karatasi tena na tena mpaka iwe nyeusi kwa bluu. Mafundi wa kimono wa Kyoto hulowesha kipande cha karatasi hiyo na kuchorea mstari wa mwongozo, kwa sababu hutoka kabisa kwa maji.

Sifa hiyohiyo iliharibu chapa za karne ya 18. Bluu yao nyingi ilitoka kwenye ua la jamii hii, na zambarau ikapatikana kwa kulichanganya na nyekundu ya ua la benibana (kartamu). Unyevu uliondoa ya kwanza, mwanga ukaondoa ya pili. Airisi nyingi zilizo na rangi ya majani makavu leo zilichapwa zambarau. Kuanzia miaka ya 1830 bluu ya Prussia, rangi ya maabara, iliingia, na anga za chapa hizo bado ni bluu. Kwa hiyo usitafsiri airisi ya kahawia kama huzuni ya msanii kabla ya kuuliza tarehe.

Wasanii wa leo wengi hutumia rangi za madini na za maabara zinazodumu, lakini wachache hurudi kwa benibana na aobana makusudi, ili ua kwenye karatasi lififie kama la bustanini. Muulize muuzaji rangi ni ipi na andika jibu nyuma ya fremu, wala si nyuma ya chapa. Taa isizidi lux 50, na chapa ipumzike gizani baada ya miezi michache ukutani. Weka kadibodi isiyo na asidi yenye dirisha, ili kioo kisiguse karatasi na kulaza karazuri. Shikiza ukingo wa juu pekee kwa vipande viwili vya karatasi ya kozo na gundi ya wanga, huku chini pakiachwa huru, kwani karatasi itaendelea kutanuka na kusinyaa kila msimu, na ikibanwa pande zote nne itajikunja katikati, mara nyingi hasa pale penye rangi nyingi zaidi.